Tupeane uzoefu: unamfundishaje mtu maana ya "Mungu ni Mtakatifu"?

Mleta mada, Masasi

Bwana Yesu asifiwe, walimu wa kipaimara, makatekista na wa shule ya Jumapili wa Mtwara na Lindi.

Uliza darasa lolote "Mungu ni mtakatifu" maana yake nini, watakujibu kwa pamoja: "Hana dhambi." Si kosa, ila ni nusu, tena ile nusu inayofuata. Neno letu lenyewe linachangia. Takatifu linatokana na kutakata, basi mtoto anawaza shati lililofuliwa. Kadoshi ya Kiebrania imebeba kwanza kutengwa, kutokuwa sawa na vya kila siku. Wenzetu Waislamu wanao mzizi huohuo katika jina Al-Quddus, na mzee wa pwani akiita Yerusalemu Baitul Mukadasi, ni neno hilohilo. Leteni njia mnazofundishia, kwa hatua na vipimo, na mseme zinakwama wapi.

Mwalimu wa shule ya Jumapili, Mtwara mjini

Mchoreni uwanjani hema la ibada la Waisraeli, lile la Kutoka 26 na 27. Dhiraa moja ihesabuni sentimita 45 na mkate kijiti cha urefu huo. Watoto wakipima kwa mikono yao ua utapinda. Ua ni dhiraa 100 kwa 50, yaani mita 45 kwa 22.5, kamba mita 135. Kiwanja kikiwa kidogo, gaweni kila kipimo kwa mbili. Pembe zitafuteni kifundi, kwa pembetatu ya 3, 4, 5, halafu pimeni kona kwa kona: mara zote mbili isome mita 50.3. Lango liwe mashariki, upana mita 9. Ukiingia unakuta madhabahu ya kuteketezea, dhiraa 5 kwa 5, kisha birika la makuhani la kunawia, kisha hema lenyewe, mita 13.5 kwa 4.5. Theluthi yake ya mwisho, mita 4.5 kwa 4.5, ndiyo Patakatifu pa Patakatifu. Mistari ya ndani mwageni majivu. Chokaa inaunguza macho ya watoto.

Sasa watembee. Mwenye sadaka anaishia uani. Makuhani wanaingia chumba cha kwanza. Chumba cha ndani anaingia kuhani mkuu peke yake, siku moja kwa mwaka, tarehe 10 ya mwezi wa 7 (Walawi 16).

Kinachoharibu zoezi ni kamba: watoto wanairuka, wanachungulia, inakuwa mchezo. Kumbe pazia la ua lilikuwa dhiraa 5 kwenda juu, mita 2.25. Simamisheni miti miwili langoni, mtundike shuka kwa kimo hicho. Hata mwalimu mrefu haoni ng'ambo.

Katekista, Ndanda

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi naanzia Isaya 6, maana "Mtakatifu, Mtakatifu, Mtakatifu" wanaiimba kila Misa bila kujua imetoka wapi. Kiebrania huongeza uzito kwa kurudia neno, kama sisi tunavyosema "mbali, mbali kabisa". Mara tatu ni nadra mno.

Halafu hesabuni mabawa. Serafi, yule kiumbe wa mbinguni anayeiimba, ana sita: mawili anafunika uso, mawili miguu, mawili anarukia. Ulizeni darasa: hawa serafi wametenda dhambi gani hata wafunike uso? Hakuna inayotajwa. Nyamazeni dakika mbili nzima, msiwasaidie. Hapo lile jibu la "hana dhambi" linaonekana halitoshi, na wanaligundua wenyewe.

Msiruke mstari wa kwanza, "mwaka ule aliokufa mfalme Uzia". Someni 2 Nyakati 26: Uzia aliingia hekaluni kufukiza uvumba, Azaria kuhani na makuhani wenzake 80 wakamzuia, ukoma ukamtoka kwenye paji la uso. Isaya anaposema "Ole wangu", habari hiyo ni ya juzi tu.

Mwisho leteni chetezo na koleo. Mwalimu ashike kaa kwa koleo, watoto wasogeze kiganja mpaka shibiri mbili, wasikaribie zaidi. Serafi mwenyewe alilichukua kaa la madhabahuni kwa koleo, na likagusa midomo ya mtu asiungue. Isaya hakujisafisha. Aliletewa.

Mzee wa kanisa, Newala

Kwa vijana wakubwa anzieni jandoni. Huku kwetu huhitaji maneno mengi kumweleza kijana kwamba pana mahali hupaingii mpaka uingizwe. Askofu Vincent Lucas, wa kwanza wa dayosisi ya Anglikana ya Masasi tangu 1926, aliliona hilo, akaipa jando sura ya Kikristo badala ya kuipiga vita.

Lakini mfano huu una ukomo, na usemwe wazi. Mwali anatengwa na wazee, kwa muda, kisha anarudi nyumbani. Mafuta, madhabahu, siku ya saba, vyote vimekuwa vitakatifu kwa kuwekwa wakfu. Mungu hajawekwa wakfu na yeyote.

Mama wa vijana, Lindi

Naomba walimu wanaume wasome Walawi 12 na 15 kwa uangalifu. Unajisi si dhambi. Mzazi alikaa siku 7 na 33, jumla 40 kwa mtoto wa kiume (kwa wa kike 80), na bikira Maria naye alitimiza siku zake, Luka 2:22. Arobaini ya mzazi tunaijua huku pwani, hakuna anayemwita mzazi mkosaji. Binti akifundishwa kwamba hedhi inamchukiza Mungu, hatauelewa utakatifu. Atauogopa tu.

Katekista, Tandahimba

Asante mama. Nami naongeza Walawi 19, maana "Mtakuwa watakatifu" ya mstari wa 2 haiendi kanisani. Inaenda pembe za shamba zisizovunwa (9), ujira wa kibarua usiolala mpaka asubuhi (13), mizani ya haki (36). Msimu wa korosho fundisheni kwa bakuli na mizani: pimeni bakuli la kusawazisha, kisha la kujaza kilele, vijana waandike tofauti kwa gramu. Kangomba, ule ununuzi haramu wa korosho kwa bakuli, wanaijua. Waulizeni mstari wa 36 unamwambia nini mnunuzi wa kangomba.

Mwalimu wa shule ya Jumapili, Mtwara mjini

Nimalizie hema, kuna swali la pazia. Pazia la ndani kwenye hema lilining'inia dhiraa 10, mita 4.5, na jengo la hekalu lilikuwa refu kuliko hema. Mathayo 27:51 inasema Yesu alipokufa pazia la hekalu likapasuka "toka juu hata chini". Chukueni shuka kuukuu, si kanga yenye pindo maana haichaniki; kateni kichane cha sentimita 3 kwenye ukingo wa juu, mlitundike juu kabisa. Waiteni watoto walifikie. Wakishindwa, mtu mzima aliye juu ya ngazi achane kutoka kule juu, wao wakiwa chini wanatazama.