Mrejesho: Tarehe tatu za kuzaliwa kwa babu

Niliuliza hapa tarehe ipi niiandike kwenye nasaba yetu, kwa kuwa pasipoti ya hija ya babu, mzaliwa wa Lamu, inasema 1918, jiwe la kaburi linasema 11 Aprili 1919, na shangazi yangu anashikilia kwamba ilikuwa Alhamisi, tarehe 10.

Nilifuata ushauri wa kutafuta maandishi yaliyo karibu zaidi na tukio lenyewe. Shangazi akanitolea msahafu wa zamani ambao ndani ya jalada lake baba yake babu ameandika, kwa hati za Kiarabu na wino uliofifia: "usiku wa Ijumaa, mwezi 10 Rajab 1337". Mwaka huo wa Hijria ulianza Oktoba 1918 ukaishia Septemba 1919, hivyo naamini karani wa pasipoti aliuchukua ule mwaka wa mwanzo bila kujali mwezi. Rajab yenyewe iliangukia Aprili 1919. Kwa vile siku yetu huanza magharibi, usiku wa Ijumaa ni ule wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Shangazi na jiwe, kumbe, wanazungumzia usiku mmoja.

Kwa kuwa mwandamo wa mwezi huweza kupishana na majedwali kwa siku moja, nimeitegemea zaidi siku ya juma. Nimeandika 10 Aprili 1919, baada ya magharibi, na zile tarehe nyingine nimezihifadhi pembeni pamoja na chanzo cha kila moja.