Naomba ushauri: pumu ya ngozi na fangasi wasiosikia dawa

Habari zenu wakuu. Niko Ujiji, Kigoma. Mdogo wangu wa kike ana pumu ya ngozi tangu utotoni, sasa imekaza usoni na shingoni. Akitoka jasho anajikuna balaa, na joto la huku mnalijua. Daktari anahisi fangasi aina ya Malasezia wanaichochea. Krimu ya klotrimazoli ilimpa nafuu, ikarudi. Duka la dawa wakashauri griseofulvini, dawa nyingine ya fangasi. Nimekataa, hiyo haiwagusi fangasi wa jamii ya hamira kama hawa Malasezia.

Kwa dawa za fangasi zilizobaki, flukonazoli ikishindwa, itrakonazoli inaweza kusaidia? Na sampuli ya ngozi ya kuotesha fangasi maabara na kupima dawa gani inawaua, hospitali za Bugando (Mwanza) au KCMC (Moshi) wanapokea? Malasezia wengi hawaoti bila kuwekewa mafuta, kwa hiyo nahofia majibu ya "hakuna fangasi" ya uongo.