Mtoto wa miaka 6 anatembelea vidole: nimvalishe kifaa cha kifundo mchana?

FizioKanda: Wakuu, nina mtoto wa kiume kliniki, miaka 6, kilo 18. Anatembelea ncha za vidole, tumbo mbele, kiuno kimebonyea. Akiinuka sakafuni anajigeuza kifudifudi, kisha anapanda kwa mikono kwenye mapaja yake hadi asimame. Vigimbi vinene na vigumu. Goti likinyooka, kifundo hakifiki nyuzi 90, kinakwama kama nyuzi 10 kabla. Mjomba wake upande wa mama aliacha kutembea akiwa darasa la tano. Mama anataka kiatu cha kushusha kisigino. Nimwandikie?

Mama Viungo: Cha mchana usimwandikie. Kuinuka kwa namna hiyo ni dalili ya Gowers, yaani misuli ya nyonga na mapaja ni dhaifu, na ukijumlisha vigimbi na mjomba, fikiria Duchenne kwanza, ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli. Misuli ya mapaja mbele imelegea, kwa hiyo anasimama vidoleni na kurudisha mgongo nyuma ili uzito upite mbele ya goti, goti lisikunjike. Ukimfunga kifundo nyuzi 90 unamnyang'anya mbinu hiyo, ataanguka zaidi. Upasuaji wa kurefusha kano ya kisigino nao una hatari hiyohiyo.

Kifaa chake ni cha usiku, kilichofinyangwa kwa mguu wake. Kikae pale kifundo kinapofika bila kulazimishwa. Wekundu usiopotea ndani ya dakika 20 baada ya kukivua maana yake kinabana, kirudi kwa fundi.

Kunyoosha: mlaze chali, goti limenyooka, kisigino kiganjani mwako, unyayo juu ya kigasha chako. Vuta kisigino kwanza, ndipo uegemee. Sekunde 30, mara 5 kila mguu, siku 5 au 6 kwa wiki. Wazazi wengi husukuma vidole. Hapo unyayo unapinda katikati na kano haijaguswa. Na mazoezi ya kuchuchumaa na kuinuka (squat) ya kumtia nguvu, acha kabisa. Kuogelea sawa.

DktWatoto: Kabla ya kifaa chochote, kipimo cha damu cha CK, kimeng'enya kinachovuja misuli ikiharibika. Kwenye Duchenne huwa maelfu, mara nyingi zaidi ya 10,000. Kisha kipimo cha jeni la distrofini, protini ya misuli inayokosekana kwenye Duchenne.

FizioKanda: Faili lina vimeng'enya vya ALT na AST vya juu, waliandika ni ugonjwa wa ini.

DktWatoto: Vimeng'enya hivyo vimo kwenye misuli pia! Pima GGT, kimeng'enya cha ini kisichopanda kwa sababu ya misuli. Ikiwa kawaida, ini halina kesi, na asikatwe kipande cha ini bure.

Duchenne ikithibitika, kuna prednisoloni, dawa ya steroidi, miligramu 0.75 kwa kilo kwa siku. Kwa kilo 18 ni 13.5, asubuhi baada ya kula. Inarefusha muda wa kutembea. Aanzishe daktari, na chanjo zenye vijidudu hai zitangulie. Wazazi waelewe kwamba haikatwi ghafla: baada ya wiki kadhaa mwili umeacha kutengeneza homoni yake, na dawa ikiisha nyumbani mtoto hutapika, presha hushuka, anaweza kufa. Moyo upigwe eko (picha ya mawimbi ya sauti) mapema, kisha kila mwaka, hata kama hana dalili.

KiatuNaKifaa: Msibebe jibu hili kwa kila anayekanyaga vibaya. Kwenye Charcot-Marie-Tooth (CMT) tatizo ni neva: unyayo umeinuka kama tao, mbele ya mguu inaning'inia, anainua magoti juu asijikwae, miguu chini ya goti imekonda. CK kawaida au imepanda kidogo tu. Huyo kifaa cha mchana kinamsaidia sana, kwa sababu mapaja yake yana nguvu. Nikiletewa fomu iliyoandikwa "kifaa cha kifundo" bila ugonjwa, nairudisha.

Mama Viungo: Sahihi. Na huyo wa CMT asipewe vinkristini, dawa ya saratani, bila kumwambia daktari. Inaweza kumlemaza neva haraka.

DktWatoto: FizioKanda, andika juu ya faili kwa wino mwekundu: ASIPEWE SUKSAMETHONIAMU WALA HALOTHANI. Ya kwanza ni dawa ya kulegeza misuli, ya pili ni gesi ya nusukaputi. Hata kwa kung'oa jino chini ya nusukaputi. Misuli ya Duchenne humwaga potasiamu na moyo unasimama mezani. Na mama naye apimwe: akiwa mbebaji wa jeni lenye kasoro, kila mtoto wa kiume atakayezaa ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuugua, na moyo wake mwenyewe unahitaji kuangaliwa.