Picha ya Tingatinga inabanduka rangi: nipake upya, nipige vanishi au nigandishe rangi ileile?

MamaZuhura
Habari za leo wapendwa. Marehemu baba aliniachia picha ya tausi aliyoinunua Oysterbay mwanzoni mwa miaka ya 70. Ni ya hadibodi, futi mbili kwa mbili, imechorwa kwa rangi ya baiskeli. Masika haya ukuta ulivuja. Kona ya chini imevimba, na rangi ya mkia inainuka kama magamba ya samaki. Mchoraji mmoja anataka kupiga msasa kona yote aichore upya, kazi ya siku moja. Mwingine anasema vanishi inatosha. Nifuate lipi?

FundiFremu
Pole dada. Msasa usikubali kabisa. Edward Tingatinga, mwanzilishi wa mtindo huu wa uchoraji, alifariki 1972, kwa hiyo picha ya miaka hiyo yaweza kuwa ya mkono wake au wa wanafunzi wake wa kwanza. Ukishasugua, mkia unakuwa wa huyo mchoraji wa leo. Kule Borja, Hispania, mwaka 2012 mama mmoja mzee alipaka upya uso wa Yesu kwenye ukuta wa kanisa, kwa nia njema kabisa. Uso wa zamani haukurudi.

Kijana_Msasani
Mimi naona tofauti kidogo. Kama ni picha ya kuuzia watalii iliyochorwa juzi, ipakwe tu, aliyeichora yupo. Ya mzee wako ndiyo siyo ya kuguswa ovyo.

Mhifadhi_Znz
Vanishi hupita juu tu, gamba linabaki limeinuka. Tena vanishi za utomvu hugeuka njano na kuwa nyeusi. Mchoro maarufu wa Rembrandt ulioko Amsterdam ulififia hivyo hadi ukaitwa wa zamu ya usiku, na kumbe ni mchana.

Chagua kugandisha, yaani kuibandika tena rangi iliyoinuka. Kwanza ilaze chali kivulini ikauke polepole, jua litaikunja. Mtaalamu atapitisha gundi ya samaki, nyepesi na ya uvuguvugu, chini ya kila gamba kwa brashi nyembamba, aweke karatasi laini ya Kijapani, kisha akandamize kwa kijiti cha chuma chenye joto dogo. Pengo likibaki, linajazwa lenyewe tu, kwa rangi inayoweza kutolewa baadaye bila kudhuru ya asili. Ni kazi ya wiki kadhaa, na ukisogea karibu kiraka utakiona. Mimi nakipenda kiraka hicho, kinasema kweli.

Na tina ya kuyeyushia rangi isiikaribie. Uchafu tunautoa kwa pamba yenye mate. Mate yana vimeng'enya vinavyolegeza uchafu.

FundiFremu
Dada, vipande vilivyodondoka umevitupa?

MamaZuhura
Nilivifagia jana. Bado viko kwenye kizoleo, navitia kwenye bahasha sasa hivi.