Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, na safari hii gunia lenyewe ni la kioo

Wakuu, leo nimekuja na hasira zangu zote. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Nakusanya vitu vya zamani vya michezo: programu za mechi, tiketi zilizochanwa getini, jezi za pamba nzito, njumu za ngozi ambazo meno yake yalipigiliwa misumari. Vitu vya magwiji vinavyotangazwa kwenye habari sivigusi, sina ubavu huo. Vyangu ni vya timu zilizokufa na wachezaji waliosahaulika, na ndivyo ninavyovipenda. Nilichokosa ni kipande kimoja cha kuweka sebuleni, kitu ambacho mgeni akiingia anakitazama kwanza kabla ya kutafuta kiti.

Nikakiona kwenye katalogi ya mnada. Kasha la kioo. Ndani yake mpira wa ngozi, ule wa zamani wa kufungwa kwa kamba mdomoni, umeandikwa 1934 kwa rangi nyeupe. Nyuma ya mpira picha ya timu, watu kumi na wawili pamoja na kocha, wote wamesaini. Chini kibati cha shaba. Pembeni cheti cha uhalisi chenye muhuri wa dhahabu unaong'aa kuliko kitu chochote kilichomo. Nikaingia kichwakichwa.

Bei sitaitaja, kuna ndugu zangu humu. Ila niseme hivi: nyundo ilipogonga nilidhani nimeshajua deni langu, kumbe ile ni bei ya nyundo tu. Juu yake kuna kamisheni ya mnunuzi, na kwenye minada mingi hiyo peke yake ni asilimia 20 na kuendelea. Kisha ada ya kununua kupitia mtandao. Kisha ufungashaji, bima, usafiri. Yote yameandikwa kwenye masharti, sikatai, kwa maandishi ya saizi ya sisimizi.

Haya, kasha likafika. Jambo la kwanza nililiona hata kabla sijalitua: picha imebanwa moja kwa moja kwenye kioo. Aliyewahi kutunza picha za zamani anajua hilo halifanywi. Unyevu ukiingia, utando wa picha unaganda kwenye kioo, na siku ukitaka kuitoa unabanduka nao. Ndiyo maana katikati huwekwa fremu ya karatasi ngumu, picha ikae mbali kidogo na kioo. Nikajiambia labda fundi wa kasha alikuwa mzembe. (Mtu akishalipa hujitungia sababu mwenyewe, hahitaji kusaidiwa na tapeli.)

Usiku nikazima taa, nikachukua tochi yangu ya miale ya urujuanimno (UV). Mwanga wake unapenya kioo cha kawaida. Picha ikawaka! Ikawaka weupe wa kibuluu kama shati la shule lililofuliwa jana. Kwa wageni wa mambo haya: karatasi za picha zilianza kutiwa kemikali za kuongeza weupe kwenye miaka ya 1950, na kemikali hizo ndizo zinazong'aa chini ya mwale ule. Karatasi ya 1934 ilitakiwa ibaki imefifia, imenuna. Hii ilikuwa inanichekea.

Nikachukua lenzi, nikahamia kwenye sahihi. Wino wa kalamu ya biki. Ukiukuza unaona kabisa mfereji wa kile kigololo cha ncha, na yale madonge madogo ya wino pale mkono unapogeuka. Kalamu hizo zilianza kuuzwa madukani katikati ya miaka ya 1940. Najua mtaniambia, mkuu, mchezaji wa 1934 anaweza kusaini picha yake mwaka 1960 akiwa mzee. Anaweza, na ningeikubali kwa moyo mweupe. Lakini katalogi iliandika kwamba picha ilisainiwa "msimu huohuo". Na watu kumi na wawili, mikono kumi na miwili, wote wawe na kalamu moja, mgandamizo mmoja, na herufi R inayopinda mguu upande mmoja? Wote walisoma kwa mwalimu mmoja?

Sasa sikilizeni hapa, maana hiki ndicho kinachonikosesha usingizi.

Nilitaka kufungua kasha nione mgongo wa picha. Kabla ya kugusa bisibisi nikasoma masharti, safari hii yote. Kifungu kimoja kinasema kasha likifunguliwa, bidhaa hairudishwi. Kifungu kingine, kurasa mbili mbele, kinasema dai lolote la kughushiwa lazima liambatane na ripoti ya mtaalamu aliyekikagua kitu chenyewe, si kwa picha wala kupitia kioo. Rudieni kusoma hizo sentensi mbili. Usipofungua huna ushahidi, ukifungua huna haki. Aliyeandika hivyo hakukosea, alikaa chini akafikiri.

Nikafungua.

Picha si picha. Ni chapa ya printa. Bila kioo katikati, chini ya lenzi unaona nukta za rangi zimepangana. Mgongo mweupe, hauna doa wala alama ya gundi ya albamu, na sahihi zote kumi na mbili zimetokeza upande wa nyuma kama upele. Mpira wenyewe naamini ni wa zamani kweli, ngozi imekauka na kamba imeoza inavyopaswa. Lakini ile "1934"! Rangi ikipakwa kwenye ngozi changa, ngozi ikija kuzeeka na kupasuka, rangi inapasuka nayo. Hapa rangi imeingia ndani ya nyufa, imejaa kama maji kwenye mfereji. Maana yake nyufa zilikuwepo kabla ya brashi. Mpira mzee wa watu, ambao ungeuzwa kwa heshima yake kama mpira mzee, umepewa cheti cha kuzaliwa cha uongo.

Nikaandika malalamiko, nikaambatanisha picha kumi na nne. Jibu lilikuja na mistari mitatu: maelezo ya katalogi ni maoni, bidhaa huuzwa kama ilivyo, na "tunaona kwamba kasha limefunguliwa".

Maoni! Wakati wa kuuza inaitwa maelezo ya wataalamu wetu, wakati wa kurudisha pesa inakuwa maoni.

Na cheti? Nimekisoma neno kwa neno. "Kwa maoni ya jopo letu, bidhaa hii inalingana na vitu vya kipindi hicho." Inalingana! Mimi mwenyewe nikivaa jezi na njumu nalingana na mchezaji. Hakuna jina la mtaalamu hata mmoja, hakuna maelezo ya kipimo kilichofanywa, hakuna mlolongo wa waliomiliki kitu hicho zaidi ya "mkusanyo wa mtu binafsi". Nikiri kosa langu: maneno hayo yalikuwepo kwenye katalogi na mimi nilisoma mwaka na sahihi, nikaruka vitenzi. Kumbe uongo huwa unakaa kwenye vitenzi. "Inaaminika", "inasemekana", "inalingana", "kwa mtindo wa".

Msinijibu kwamba haya ni mambo ya minada ya uchochoroni. Kadi ya Honus Wagner, mchezaji wa besiboli wa zamani, ile iliyokuwa inatiwa kwenye pakiti za sigara, ya seti ya T206 iliyochapwa kati ya 1909 na 1911, mnaijua. Iliyo maarufu kuliko zote iliwahi kumilikiwa na Wayne Gretzky, gwiji wa hoki ya barafu, ikapewa daraja la 8 na PSA, kampuni inayopima ubora wa kadi, na mwaka 2007 ikauzwa dola milioni 2.8. Mwaka 2013 Bill Mastro, aliyekuwa mtu mkubwa kabisa kwenye minada ya vitu vya michezo Marekani, akakiri mahakamani kwamba aliikata kingo zake ili ionekane safi. Alikiri pia dau za uongo za kupandisha bei kwenye minada yake, na mwaka 2015 akahukumiwa miezi 20 jela. Kadi ilikatwa kwa mashine, ikapewa daraja, ikawekwa kwenye plastiki, na kila aliyeigusa baada ya hapo alikuwa ananunua plastiki na namba iliyoandikwa juu yake.

Au ile operesheni ya FBI ya miaka ya 1990, Bullpen, dhidi ya waghushi wa sahihi. Miongoni mwa walivyokamata kulikuwa na mipira ya besiboli yenye sahihi ya Mama Teresa. Mama Teresa, wakuu! Na waghushi wale walikuwa wanauza bidhaa zao pamoja na vyeti.

Kufanya kazi vizuri inawezekana, na hilo ndilo linaniudhi zaidi. Jezi ya Maradona ya mechi na Uingereza, 22 Juni 1986 pale Azteca, iliuzwa kwenye mnada wa Sotheby's mwezi Mei 2022 kwa pauni milioni 7.1. Familia yake ilidai kwamba ile ni jezi ya kipindi cha kwanza, si aliyofungia mabao. Wauzaji hawakujibu kwa muhuri wa dhahabu. Walileta ulinganishaji wa picha: unachukua picha za mechi, unaangalia nembo imeshonwaje, mstari wa kitambaa umekatikia wapi, namba imepinda wapi, kisha unalinganisha na jezi iliyo mezani. Na historia yake ilijulikana: Steve Hodge, mchezaji wa Uingereza, alibadilishana na Maradona baada ya filimbi ya mwisho, na kwa miaka karibu ishirini jezi ilikuwa makumbusho. Unaweza kukubali au kubisha, lakini una kitu cha kubishia. Jezi ya Babe Ruth, gwiji wa besiboli, ya fainali za 1932 nayo iliuzwa dola 940,000 mwaka 2005, na mwaka 2024, ikiwa imethibitishwa kwa ulinganishaji wa picha, ikafika dola milioni 24.12. Soko limepanda, ndiyo, lakini kitambaa ni kilekile. Ushahidi ndio unaonunuliwa. Mimi nililipia ushahidi nikapewa stika.

Kuhusu dau sitasema sana kwa sababu sina uthibitisho. Niliacha dau la juu kwa maandishi, kiasi ambacho nilikuwa radhi kufika. Mtu wa mtandaoni akanifuata hatua kwa hatua, akijibu ndani ya sekunde moja, na akaacha palepale kwenye kiwango changu cha mwisho. Hakuongeza hata hatua moja, hakupunguza. Inawezekana ni bahati mbaya tu. Nawaachia.

NYONGEZA 1: Kuna mkuu ameuliza kwa nini sikwenda kuona mzigo siku ya maonyesho. Swali la haki. Niliomba picha za ziada za mgongo na za karibu, nikajibiwa kwamba kasha limezibwa "kwa usalama wa bidhaa". Nikaridhika na jibu. Hapo nilikuwa mjinga, endeleeni.

NYONGEZA 2: Mwingine anasema hata FIFA walipigwa. Hapana mkuu, usichanganye. Mwaka 1997 FIFA walinunua kwa pauni 254,500 nakala ya kombe la Jules Rimet, Kombe la Dunia la zamani, ile iliyotengenezwa Uingereza kwa siri baada ya kombe lenyewe kuibwa na kuokotwa na mbwa Pickles mwaka 1966. Iliuzwa kama nakala. FIFA ndio waliokuwa na matumaini kwamba huenda ni kombe halisi, wakaipima, ikawa nakala kweli. Muuzaji alisema ukweli na mnunuzi akaota ndoto zake. Mimi ningeambiwa "picha ya kisasa, sahihi hazijathibitishwa" nisingefungua uzi.

NYONGEZA 3: Wameandika tena. Wananipa "punguzo la kuonyesha nia njema" la asilimia 10 kwenye kamisheni ya mnunuzi, iwapo nitanunua kwao tena ndani ya miezi sita. Sijajibu. Nimepeleka mzigo kwa mchunguzi wa hati anayejitegemea, anayeandika jina lake chini ya ripoti na kueleza kila kipimo, na nimeiarifu kampuni iliyopokea malipo yangu ya kadi kwamba nayapinga. Mwenye uzoefu wa kupinga malipo kwa sababu ya maelezo ya uongo naomba aandike hapa: walikuomba nini, na ilichukua muda gani?

NYONGEZA 4: Nimeletewa katalogi ya mnada ujao. Ukurasa wa tisa kuna kasha la kioo, mpira wa ngozi wa kamba umeandikwa 1931, na picha ya timu nyingine kabisa, watu kumi na wawili, wote wamesaini. Nimeikuza kwenye skrini mpaka ikapasuka vipande. Herufi R inapinda mguu upande uleule. Dau tayari ni sita.