Bibury: mabasi ya watalii yazuiwe au yaachwe?

Wakuu, hii tumeibishania ndani ya gari mwendo mzima wa kurudi nyumbani, nikaona niilete hapa.

Bibury ni kijiji kidogo cha Gloucestershire, Uingereza, watu kama 600, kando ya mto Coln. Wageni wanafuata Arlington Row, safu ya nyumba za mawe iliyojengwa karibu mwaka 1380 kuwa ghala la sufu. Karne ya 17 ikagawanywa, wakakaa wafumaji, na vitambaa vyao vikawa vinaanikwa Rack Isle, kile kiwanja chenye majimaji mbele yake. Leo ni mali ya National Trust, shirika la kuhifadhi majengo ya kale na mandhari, na ndani wanaishi wapangaji. Wengi wanadhani ni makumbusho! Nimemwona mama mmoja amesimama mlangoni na mfuko wa taka, anasubiri kundi limalize kupiga selfi kizingitini kwake.

Mwaka 2025 halmashauri ikaanza majaribio ya kuondoa maegesho ya mabasi makubwa katikati ya kijiji. Mimi nasema wamechelewa. Barabara ni nyembamba, mabasi mawili yakikutana karibu na daraja, hakuna anayepita.

*Jibu:* Mkuu, William Morris, yule msanii na mwandishi Mwingereza wa karne ya 19, alikisifu kuwa kijiji kizuri kuliko vyote Uingereza, na hata kwenye pasipoti zao picha ya nyumba hizo iliwahi kuwamo. Unatangaza kwako dunia nzima, halafu wageni wakipiga hodi unanuna?

*Mtoa mada:* Morris alisifu, kisha akarudi kwake Kelmscott. Na picha ya pasipoti sidhani kama wapangaji waliulizwa.

*Jibu:* Mama yangu ana miaka 74 na magoti hayamsaidii. Basi ndilo linalomfikisha. Ukiliweka nje ya kijiji umemzuia yeye. Mwenye gari lake dogo atapenya tu na kuegesha juu ya majani ya watu. Basi moja linabeba 50, hebu piga hesabu hiyo ni magari mangapi.

*Mtoa mada:* Hapo umenibana, dada yangu, hilo la magari madogo sikulipima. Basi lishushe wazee, likaegeshe mbali, lirudi baada ya saa moja. Sasa nani atasimama pale darajani kuwahimiza madereva waondoke? Au tumwachie yule mama wa mfuko wa taka?