Mzee wangu hata jina langu halikumbuki, ila eti "karidhia" sauti yake ifundishe akili mnemba

Wakuu habari zenu, huku Ujiji sio nzuri. Nina hasira hadi vidole vinatetemeka, nikikosea herufi mnivumilie.

Mzee wangu anaumwa ugonjwa wa kusahau, mwaka wa tatu huu, mimi mwenyewe ananiita kwa jina la marehemu baba mdogo. Mwezi uliopita niko zangu Kibirizi kwenye mihangaiko, nyuma wakaja vijana na tableti wakamrekodi, wanasema kompyuta inasikiliza mtu anavyoongea, akikwama na kurudiarudia maneno inajua ubongo una shida. Hilo sibishi, tafiti za hivyo zipo kweli duniani na mimi ningependa zifanikiwe.

Ila nani karidhia? Nimekuta karatasi nne, Kiingereza kitupu, chini dole gumba la mzee. Jamani! Mtu kanywa chai sasa hivi anadai hajanywa, huyo ndio wa kuwekeshwa dole? Mama alikuwa hapo hapo jikoni, hakuna aliyemuuliza kitu. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 habari za afya imeziweka kwenye taarifa nyeti kabisa, sio vitu vya kuokota uani kwa watu.

Kilichonichefua zaidi ni huo mtihani wenyewe. Eti ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, tena kwa Kiswahili, mzee wa Kiha aliyekula maisha yake yote ziwani! Kasema ng'ombe, mbuzi, ng'ombe, kanyamaza, tableti ikaleta nyekundu. Jioni nikamuuliza samaki kwa Kiha, akashusha migebuka, kuhe, dagaa, nonzi, akaunganisha na nyavu na taa za kuvulia mpaka mimi ndio nikachoka. Ni kweli mzee mgonjwa, ila mashine iliyofunzwa kwa sauti za watu wengine itajuaje kipi ni ugonjwa na kipi ni Kiha?

Nikapiga namba ya kwenye fomu, nikasema futeni. Jamaa kanijibu kwa upole rekodi atafuta ila mashine ilishajifunza, kilichoingia hakitoki, yaani chumvi kwenye mchuzi. Eti nisijali, jina walishaliondoa. Weee! 2019 watafiti wa Mayo Clinic kule Marekani walichukua picha za MRI za vichwa vya watu 84, wakajenga sura zao, programu ya kutambua nyuso ikawapatia 70. Hiyo picha ya kichwa tu, sembuse sauti ambayo hapa mtaani hata watoto wanaijua?

Sasa wametuma meseji wanarudi Alhamisi awamu ya pili. Nimewaambia waje na kibali cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) na fomu ya Kiswahili, tukae na mama tuisome wote, hawajajibu. Mwenye kujua malalamiko ya hivi yanapelekwa wapi aniambie, hapa hapa Kigoma inawezekana au ndio mpaka nipande treni?